Kijana Asiye na Kovu

Mbinga Mjini
12 Februari 2024

Shangazi Emerensiana,

Shikamoo Shangazi. Huku sisi wazima, mafua tu ya mvua hii isiyojua kupumzika. Dada Rukaiya, mwenye duka la stesheneri ninapofanyia kazi, anakusalimu na anauliza kama usipa, dagaa wenu wa ziwani, umeanza kupatikana. Nimemwambia wewe huulizwi habari za usipa, unaletewa.

Najua simu unayo, tena nzima. Baba aliniambia ulivyomfokea alipokupigia Mwaka Mpya. Ulimwambia laini iachwe wazi, mwanao Tadea asije akapiga akakuta inatumika. Meseji nazo haziingii, kwa sababu simu imejaa za kwake na wewe hutaki kufuta hata moja. Basi naandika kwa karatasi, kama nyie enzi zenu. Aidan, kondakta wa basi la Lituhi, ameniahidi kuifikisha mkononi mwako.

Shangazi, mimi mwenyewe sielewi. Toka Tadea aondoke na Zabron, yule dereva wa malori ya makaa, mwezi wa tano mwaka jana, hakuwahi kupitisha Jumapili bila kukupigia. Halafu ikafika Novemba, kimya mpaka leo. Kila nikijaribu namba yake haipatikani, na ya Zabron hakuna aliyewahi kuwa nayo.

Ili usikae unaitazama simu mchana kutwa, nakutumia sura tatu za riwaya yangu mpya. Ndiyo ile niliyoianza Tadea akiwa hapa kwangu. Kurasa za kwanza nilizoandika kwa mkono aliondoka nazo kwenye mkoba, akaniambia atazisoma njiani, hivyo nimezianza upya. Ni ile hadithi ya Bibi ya msichana aliyekataa wachumba wote kwa sababu kila mmoja ana kovu, hadi akaja mgeni asiye na kovu hata moja. Msichana nimemwita Sikitu. Mgeni nimemwita Ombeni, nimempa suti, gari, na nyumba yenye mlango mmoja usiofunguliwa. Ni ya mapenzi na ya kutisha kwa pamoja, kama unavyozipenda.

Je, Tadea amepiga?

Mwanao,
Herieth


Lituhi
3 Machi 2024

Herieth mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imelowa mafuta ya maandazi, umwambie huyo Aidan wako akome. Baba yako mgongo unamsumbua, anatembea ameinama kama anatafuta sindano. Gertruda jirani amejifungua mtoto wa kiume, wanataka kumwita Hyasinti. Mimi mzima, miguu tu.

Sasa wewe, sura tatu unampa nani? Nimezimaliza hata chungu hakijachemka! Gertruda na wenzake wanakuja uani kwangu kumenya muhogo, wao wanamenya mimi nawasomea. Pale Sikitu anapokabidhiwa funguo zote akaambiwa ule mdogo asiuguse, Gertruda akajikata kidole. Akapiga kelele, "Ataugusa huyo! Hata mimi ningeugusa!" Tukacheka. Halafu kicheko kikakatika, wakakumbuka wako uani kwa mama yake Tadea.

Naja kwenye jambo lenyewe. Baba yako na wazee wamekaa, wanasema Tadea azikiwe mgomba. Unajua mwenyewe inavyokuwa, uliona kwa Mansuetus alipozama na mtumbwi ukaletwa na mawimbi mtupu. Mgomba unakatwa urefu wa mtu, unavishwa nguo yake, unalazwa kaburini, watu wanalia, wanaoga, wanarudi mashambani. Lakini nguo inatolewa na mama. Urefu unaonyeshwa na mama. Nimewaambia nguo sitoi na urefu sionyeshi. Mwanangu hakuzama. Anayezikiwa mgomba angali hai harudi tena kwao, huko aliko njia inamfungia. Wanataka kumfungia njia mwanangu kwa sababu wamechoka kunitazama!

Baba yako akaongeza kwamba ni vitabu vyenu vilivyomtoa Tadea nyumbani. Eti kila siku msichana na mwanaume wa siri, msichana na mwanaume wa siri, mpaka akaenda kumtafuta wake. Nikamwambia vitabu hivyo na mimi nimevisoma tangu nikiwa msichana, mbona niliolewa na mvuvi wa hapa hapa. Lakini neno lake halijanitoka.

Wewe ndiye unayeviandika. Hebu niambie, kwa nini tunavipenda hivi? Mtu mzima na akili zangu, natetemekea mlango wa kwenye karatasi.

Na jingine. Kuna namba ngeni inanipigia. Nikisema haloo, inanyamaza. Nasikia injini ya gari, nasikia mtu anavuta pumzi, halafu inakatwa. Nikiipigia haipokelewi. Herieth, huyo ni Tadea. Amefungiwa. Yule Zabron nilimwona mara moja tu, alikuja kununua samaki wa mbasa pale Tadea alipokuwa akiwapikia madereva. Joto lote hili la ziwani, yeye kavaa shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka kwenye viganja. Uso laini kama wa mtoto. Sikuona kovu.

Leta sura.

Shangazi yako,
Emerensiana


Mbinga Mjini
24 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa Gertruda, na pole ya kidole. Huku barabara ya kwetu ni tope tupu, na mibuni imeanza kubeba vizuri. Dada Rukaiya amezibana pini sura ya nne na ya tano, nimezifunga humu.

Umeniuliza swali nililokuwa nalikimbia. Nimelifikiria nikiwa napiga chapa barua za watu, mpaka nikakosea jina la mteja.

Nadhani tunavipenda kwa sababu kitabuni hofu ina mwenyewe. Huku kwetu mtu anaogopa mvua, anaogopa homa, anaogopa simu isiyolia, na hakuna wa kumshika shati. Kitabuni kuna mlango mmoja na mwanaume mmoja. Unajua cha kuogopa kiko wapi. Na tangu ukurasa wa kwanza unajua yule msichana atatoka. Mwandishi amekwisha kukuahidi hata kama hajasema. Ndiyo maana unathubutu kutetemeka.

Lakini nilichogundua ni hiki. Kwenye hadithi ya Bibi, mume aligeuka nyoka wa ziwani, na aliyemwokoa msichana ni mdogo wake mwenye upele, yule waliyemfukuza kwenye harusi akawafuata kwa nyuma akijificha kwenye matete. Kwenye riwaya zetu hatumweki. Sisi tunasema mapenzi yatamvua nyoka ngozi, awe mtu. Tumemwondoa mdogo mtu. Sikitu wangu hana wa kumfuata.

Basi Shangazi, nitamfuata mimi. Baada ya Pasaka naomba ruhusa niende Ngaka, kwenye machimbo, niwaulize madereva mmoja mmoja Zabron yuko wapi. Zuia mgomba usikatwe mpaka nirudi. Baba usimwambie, atasema na mimi vitabu vimenipanda kichwani.

Je, Tadea amepiga?

Herieth


Lituhi
20 Aprili 2024

Mwanangu,

Pasaka imepita. Mvua imechukua daraja dogo la huku, basi linaishia ng'ambo, barua hii nimempa mtu anayevuka kwa miguu. Baba yako hajambo kidogo.

Umekwenda? Umefika? Ile namba ilipiga Jumatano, mtu alikuwa akilia. Nilimsikia. Nikasema, "Tadea, mama nipo." Ikakatwa.

Niandikie hata mstari mmoja.

Emerensiana


Lituhi
2 Juni 2024

Herieth,

Daraja limetengenezwa. Aidan anapita hapa na basi lake kila siku, anasema anakuona dukani, mzima, unapiga chapa. Basi mkono unao.

Huku upepo wa mwera umeanza kuvuma, ziwa limechafuka, samaki hakuna. Wanawake wanamenya muhogo kimya kimya kwa sababu msomaji wao hana cha kusoma. Sura ya tano tumeirudia hadi Gertruda anaisema kwa kichwa.

Umekasirika? Kuna neno nililosema? Kama hukwenda Ngaka, sema tu hukwenda, sitakulaumu. Mimi sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Shangazi yako


Mbinga Mjini
9 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe sana kwa kimya. Ni msimu wa kahawa, mji umejaa watu, dukani hatupumui, na mimi mwenyewe nilishikwa na malaria nikalala. Sasa nimepona. Wewe miguu inaendeleaje? Nakutumia dawa ya kuchua, ile ya kopo la kijani. Mgongo wa Baba nao apake.

Ngaka nilikwenda. Malori ni mengi, vumbi la makaa limefunika mpaka migomba. Madereva waliniambia Zabron amehamia upande wa Njombe. Hakuna cha maana nilichokipata cha kukuandikia.

Nimekuandalia sura nyingi ili kufidia. Utaona Sikitu amefungua mlango, akakuta ndani kuna chumba kitupu na dirisha linalotazama ziwa. Ombeni amemkuta humo lakini hakumpiga, amekaa chini akalia. Sijui kwa nini nimeandika hivyo, imejileta yenyewe. Wasomee akina Gertruda.

Jioni huku kuna baridi kali. Jifunikeni, nanyi mko kwenye upepo.

Mwanao,
Herieth


Lituhi
28 Julai 2024

Herieth mwanangu,

Marahaba, na pole ya malaria. Dawa ya kuchua imefika. Baba yako kapaka mgongo mzima, ananuka kama duka la dawa, lakini amesimama wima kanisani Jumapili watu wakageuka kumtazama.

Sura tumezimeza. Wanawake wamegawanyika. Gertruda anasema Ombeni ni mtu mwema aliyerogwa. Mimi nasema huyo ni nyoka tu, machozi ni ya kumlegeza. Mbona ghafla unamwandika vizuri hivyo? Mwanzo alikuwa na meno, sasa anashika kitambaa. Na Sikitu amepungua kusema. Zamani alikuwa na mdomo kama wa Tadea, anamjibu mtu kabla hajamaliza. Sura hizi za mwisho anatazama dirishani tu, anatazama dirishani. Mrudishie mdomo wake.

Wazee wamekaa tena. Baba yako amesema kabla ya mvua za kwanza mgomba ukatwe. Hakusema kwa ukali. Alikuja, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Dada, nataka ulale." Nilimwonea huruma. Lakini nikamjibu kuwa Herieth anaandika kitabu, na kitabu hicho msichana anarudi kwao. Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. Acha anitazame.

Kwa hiyo umalize mapema. Sitaki mvua inikute sijui mwisho. Mlete Sikitu nyumbani, awe amekonda, awe amechakaa, awe na mtoto wa mtu mgongoni, sijali. Mlete tu.

Shangazi yako,
Emerensiana


Mbinga Mjini
1 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kwa usipa, tumeugawana na Dada Rukaiya, amepika kwa nazi mpaka majirani wakagonga mlango. Nimefurahi mgongo wa Baba umenyooka.

Sura ya mwisho inanishinda. Naandika, nachana. Nimekutumia moja fupi tu ambayo Sikitu anasikia mtu anaimba nje ya ukuta, ule wimbo wa mdogo mtu kwenye matete. Anasimama kusikiliza. Nimeishia hapo kwa sasa.

Shangazi, nisikilize bila kukasirika. Baba anakupenda. Labda lile analolisema la mgomba ulipe nafasi kidogo. Sisemi ukubali. Nasema labda ingekusaidia kupumzika. Kitabu ni kitabu tu, mimi ninayekiandika ndiye nakwambia.

Kula vizuri.

Herieth


Lituhi
22 Septemba 2024

Herieth,

Marahaba.

Leo sina habari za mgongo wala za muhogo. Gertruda na wenzake nimewarudisha makwao.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga juu ya mkeka, nikazisoma kuanzia mwanzo. Ya Februari umeuliza, "Je, Tadea amepiga?" Ya Machi umeuliza, "Je, Tadea amepiga?" Kisha ukaenda Ngaka. Ya Julai hukuuliza. Ya Septemba hukuuliza.

Mtu anaacha kuuliza akishapata jibu.

Mimi nimesoma riwaya hizi kabla hujazaliwa, mwanangu. Najua mwandishi akianza kuficha maiti, anavyozungukazunguka, anavyomfanya kila mtu mpole, anavyoleta hali ya hewa. "Jifunikeni, kuna baridi." Wewe lini uliwahi kuniandikia habari za baridi?

Na nikwambie, hili nimelijua tangu Julai. Nilipofika mwisho wa barua ile nikageuza karatasi nyuma, nikatazama ndani ya bahasha, nikasema labda swali limeandikwa pembeni. Halikuwepo. Nikaikunja. Nikaendelea kuomba sura, kwa sababu Sikitu alikuwa bado yu hai, na wewe ulikuwa bado unaandika, na mimi nilikuwa bado nina cha kusubiri. Tulikuwa tunadanganyana vizuri tu. Lakini sasa umeniambia nikubali mgomba. Ukishafika hapo, basi.

Panga limenolewa. Baba yako anasubiri nguo na urefu. Niambie nitoe au nisitoe.

Niandikie sura ya mwisho. Siyo ya Sikitu.

Emerensiana


Mbinga Mjini
4 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba uketi. Mwite Baba akae karibu yako ndipo uendelee kusoma.

Tadea hayupo. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka jana, huko Njombe. Alikuwa mjamzito wa miezi saba. Asubuhi alilalamika kichwa na macho kuona giza, mchana akaanguka jikoni akitetemeka mwili mzima. Walimkimbiza hospitali akiwa hajitambui. Waliita kifafa cha mimba. Walihangaika naye mpaka jioni wakashindwa, na mtoto naye hakupona. Alikuwa wa kike. Wamelazwa pamoja.

Nilimpata Zabron mwezi wa tano, kwenye gereji kule Njombe, amelala chini ya lori. Nilikuwa nimejiandaa, Shangazi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia yule nyoka. Akatoka chini ya lori, amekunja mikono ya shati. Ana kovu. Mkono wa kulia, kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, ngozi imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Maji ya rejeta yalimwagikia zamani. Anavaa mikono mirefu kwa sababu watu wanamwangalia. Nilipotaja jina la Tadea alikaa palepale kwenye oili, akalia mbele ya mafundi wote.

Hakuna mlango uliofungwa. Chumba ni kimoja, na funguo alikuwa nazo Tadea mwenyewe. Walikuwa wamepanga waje Krismasi kujitambulisha kwako na kwa Baba. Mimba walitaka iwe zawadi, ndiyo maana hakukwambia. Alikuwa amekununulia blanketi zito la Njombe, huku akicheka, "Mama na joto la Lituhi, sijui atalilalia saa ngapi!" Nimelifunga na barua hii.

Namba inayokupigia na kukata ni yake Zabron. Alimchukua mtoto wa watu bila kugonga hodi, na sasa aje na habari ya kaburi, ataanzia wapi? Anapiga, anakusikia unasema "Tadea, mama nipo," anashindwa. Alitaka nije naye moja kwa moja. Mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia asubiri, nitakuandaa. Nikarudi, nikakaa mbele ya mashine, na kila nilipoanza nilijikuta naandika habari za Sikitu. Ni kwamba humo ningeweza kumrudisha. Kwenye barua singeweza.

Alipoondoka na kurasa zangu, alikuwa akimsomea Zabron wakiwa njiani, ili asisinzie kwenye milima. Walifika pale Sikitu anapopewa funguo. Zabron aliniuliza kitu kimoja tu kabla sijaondoka. Aliuliza hadithi iliishaje.

Nguo usitoe. Kaburi lipo, Shangazi, na msalaba una jina lake.

Nimwagie mimi hasira yoyote uliyonayo, ni yangu.

Herieth


Lituhi
27 Oktoba 2024

Herieth mwanangu,

Marahaba.

Barua ilifika. Baba yako alikaa karibu kama ulivyosema. Nilisoma mpaka pale alipoanguka jikoni, nikampa yeye amalizie, naye hana miwani, akawa anasoma neno moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndivyo nilivyosikia kifo cha mwanangu, neno moja moja. Alipofika kwenye mtoto wa kike alinishika mkono. Hatujashikana mikono toka mama yetu afe.

Nilikukasirikia. Nilikuita majina ambayo sitayaandika. Miezi mitano umekaa na msiba wangu mkobani kama kurasa za mtu! Halafu nikakumbuka kwamba na mimi Julai niliikunja barua. Basi tusidaiane.

Blanketi nimelifungua mchana, jua la saa nane, mchanga unaunguza miguu. Nikajifunika gubigubi. Gertruda akaingia akadhani nina homa, akataka kukimbilia zahanati. Nikamwambia niache, nimefunikwa na mwanangu. Jasho na machozi vilitoka pamoja, sijui lipi lilikuwa lipi.

Wamelia wanawake wote wa muhogo. Gertruda anasema anamlilia Tadea na Sikitu pia, nimwache awalilie wote wawili.

Mgomba haukukatwa. Baba yako amerudisha panga juu ya dari. Sisi wawili tutapanda basi kwenda Njombe. Padri ataomba pale kaburini, kisha tutachukua udongo kidogo tuje tuuzike hapa, jirani na bibi yake. Mwambie Dada Rukaiya akupe ruhusa, utakuja nasi. Nataka uniongoze.

Nimefikiri sana habari za yule kijana. Nilitaka awe nyoka, Herieth. Mwaka mzima nimemtaka awe nyoka, kwa sababu nyoka anapigwa, anakufa, msichana anatoka. Mtu aliyekaa kwenye oili akalia, nitamfanya nini? Nilimtafuta wa kumshika shati, na shati lenyewe linaficha mkono ulioungua. Nimelia na kwa hilo.

Jana nilikaa uani nikafuta meseji. Siyo zote. Nimefuta za kuku na za usipa, za "Mama umekula?" nimeziacha. Nafasi imepatikana kidogo. Na wewe sasa unaweza kunipigia, wala usiogope laini. Hakuna ninayemsubiri.

Ila yupo mmoja. Mwambie Zabron namba yangu anaijua. Akipiga, asikate. Kama ameshindwa kusema, akae kimya, mimi nitasema. Ameuliza hadithi iliishaje. Wewe usimwandikie, utaanza kuzungukazunguka. Nitamsimulia mwenyewe, ile ya mama yangu, tangu mwanzo, na nikifika mahali wewe ulipotia funguo, naye atanisimulia yake, kuanzia pale Tadea alipoishia kusoma.

Simu ninayo mkononi.

Shangazi yako,
Emerensiana